Mhariri, kitufe cha kando ya L kipewe ritifaa

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako, na nikizidisha maneno univumilie, manake hili jambo la mahali ritifaa inakaa kwa kibodi nimekaa nalo miaka mingi na kila nikilitaja naambiwa Nairobi kuna shida kubwa kuliko hiyo. Najua ziko. Lakini mimi kazi yangu ni kuchapa, niko na saiba ndogo hapa Umoja, kompyuta tano na printa moja, na kwangu kibodi ni kama jembe kwa mkulima, mpini ukiwa mbaya atalima tu lakini mgongo wake ndio unajua.

Juzi mama mmoja alinipa kazi ya kuchapa orodha ya mahari, ile ingesomwa mbele ya wazee Jumamosi. Ijumaa jioni akaniuliza kwa WhatsApp ng'ombe niliandika wangapi. Mimi WhatsApp naifungua kwa kompyuta, kwa hivyo nikaanza kumjibu "Ng'ombe ni wanane", kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikaenda kutafuta ritifaa, ile alama ya ng', kikapitiliza kikagonga Enta iliyo hapo hapo ubavuni, na meseji ikaenda ikiwa "Ng". Sikuona, macho yalikuwa kwa karatasi, nikaendelea kuchapa nikatuma. Ya pili ikamfikia ikisema "ombe ni wanane". Akanipigia simu mbio mbio, "Mama, ni wazee wanane ndio wataomba ama ni nini umeandika hapo, manake hiyo haikuwa kwa orodha!" Nilimweleza polepole mpaka akatulia, lakini usiku ule hakulala kabla hajakuja kuchukua karatasi na kuisoma na macho yake mwenyewe, na simlaumu, orodha ya mahari si kitu ya kuchezea.

Ritifaa ni hii (') kwa wale waliosahau darasa la Kiswahili. Kwa Kiingereza ni pambo tu la hapa na pale, ukiiacha mtu anaelewa. Kwa sisi ni nusu ya herufi. Ng'oa jino na ngoa ya wivu ni maneno mawili tofauti kabisa, na mtoto akiandika ngombe kwa insha mwalimu anakata alama, na ni haki yake kukata. Alafu angalia majina. Tunaishi mji wenye Lang'ata, ukienda kaskazini kidogo uko Murang'a, na foleni moja tu ya asubuhi hapa kwangu naweza kuwa na Ng'ang'a, Nyang'au, Ochieng' na Kang'ethe, kila mmoja anataka CV, na kila mmoja ana ritifaa yake mahali pake. Kwa siku moja hicho kidole changu kidogo kinaenda na kurudi mara nisizoweza kuhesabu.

Sasa hapa ndio nataka tuangalie kwa makini, wewe mhariri ukiwa na kibodi mbele yako weka mikono vile tulifundishwa, mkono wa kushoto kwa A S D F na wa kulia kwa J K L na kile kitufe kinachofuata. Kidole cha mwisho kimelala wapi? Kwa nuktamkato, ile nukta iliyokaa juu ya mkato. Sisi tuliosomea ukatibu zamani kwa zile mashine za kupiga chapa za chuma, somo la kwanza kabisa lilikuwa asdf ;lkj, asdf ;lkj, mwalimu ametufunika mikono na kitambaa ndio tusichungulie, ukurasa mzima, siku nzima. Nuktamkato ilikuwa kati ya alama nane za kwanza vidole vyangu vilijua hapa duniani, na tangu nimalize chuo sijui nimeitumia wapi kwa Kiswahili. Barua hii yote hutaiona popote isipokuwa hapo nilipoonyesha lile zoezi na pale mbele nitakapoonyesha makosa ya vidole vyangu, lakini ritifaa hebu zihesabu ukifika mwisho.

Kwa hivyo kiti kizuri kabisa cha kibodi, pale kidole kimelala bila kusogea, tumemkalisha mgeni asiyefanya kazi, na ritifaa yetu tumeisukuma kando, mlangoni mwa Enta.

Mtu atasema ndivyo kibodi zilivyo, zilitengenezwa hivyo. Hapana. Huu mpangilio ulitoka kwa bwana mmoja wa Milwaukee kule Marekani, Christopher Latham Sholes, na kampuni ya Remington ikaanza kuuza mashine zake 1874. Na kwa michoro yake ya 1878 hicho kitufe cha kando ya L hakikuwa na nuktamkato, kilikuwa na M! M ilihamishwa baadaye ikapelekwa chini pale iko leo. Wafaransa wao waliiacha M hapo hapo kando ya L mpaka wa leo. Wahispania wameweka ñ yao. Wajerumani na Waswidi wameweka ö. Wabrazili wameweka ç. Yaani ukizunguka dunia na hicho kitufe kimoja utaona kila watu walikaa chini wakajiuliza sisi lugha yetu inahitaji nini karibu na mkono, wakaiweka hapo. Sisi tulipokea za Waingereza na Wamarekani na nuktamkato yao ndani, tukasema asante.

Hata wale waliojaribu kupanga upya kibodi ya Kiingereza yenyewe hawakuiacha nuktamkato hapo. August Dvorak alisajili mpangilio wake 1936, na vile unavyotumika leo nuktamkato iko chini kona ya kushoto kwenye Z, na ritifaa iko pale juu ilipo Q. Nilipoelezwa hiyo nilisimama. Q! Kiswahili sanifu hakina Q hata kidogo, wala X. Mpangilio mwingine wa 2006 unaoitwa Colemak nao umeweka O kwa kile kiti. Na Waturuki walienda mbali zaidi, 1955 wakaidhinisha kibodi yao wenyewe iliyopangwa kwa kufuata herufi zinazotumika sana kwa Kituruki, wala hawakuomba ruhusa kwa mtu.

Aliyenieleza haya ni mpwa wangu, kijana anaandika programu, na yeye tulibishana karibu tukosane. Nilipomwambia nataka nuktamkato itoke hapo aliruka, "Anti, hiyo ndio chakula yangu!" Akanifungulia kazi yake nikaona kweli, kila mstari unaishia na nuktamkato, na mabano yale ya kujikunja yamejaa kama mchwa. Yeye shida yake ni tofauti, mabano anayotumia kutwa lazima ashike Shifti kila mara, na akaniambia Mjerumani ana taabu zaidi, kwa kibodi yake mabano ya kujikunja lazima ushike kitufe cha AltGr pamoja na 7 ama 0, ndio maana wengine huko wanaandika programu wakiwa wamegeuza kibodi iwe ya Kimarekani. Hapo ndio nilielewa hakuna mpangilio mmoja wa kila mtu. Anayeandika programu akae na nuktamkato yake, anayeandika hesabu akae na namba zake, na sisi tunaochapa Kiswahili tupewe ritifaa. Kompyuta inaweza kubeba mipangilio miwili mitatu kwa pamoja, kwa Windows unashika kile kitufe chenye dirisha na kubonyeza Spesi, inabadilika hapo hapo.

Na kubadilisha ni rahisi kuliko vile nilifikiria. Kuna programu ya bure ya Microsoft ya kutengeneza mipangilio ya kibodi, mpwa wangu aliishusha, akabadilishanisha hivyo vitufe viwili, ritifaa ikaja kando ya L na nuktamkato ikaenda ilipokuwa ritifaa, akaipa jina Kiswahili cha Anti, akaiweka kwa kompyuta yangu ile ya kona. Hatukuchokonoa hata kitufe kimoja na bisibisi, ni ndani tu ya kompyuta. Wiki ya kwanza nilitamani kumrudishia. Vidole vya miaka thelathini havikubali haraka, niliandika ng;ombe na ng;oa mpaka kichwa kikauma, na mteja akikaa kwa hiyo mashine bila kuambiwa anachanganyikiwa, kwa hivyo nimeiacha iwe yangu peke yangu. Wiki ya tatu mkono ukatulia. Saa hizi nikichapa muswada wa mwalimu fulani, na huyo mwalimu anapenda neno kung'ang'ania kama nini, kidole hakiondoki mahali pake, kinashuka tu.

Kuna jambo la pili la vibodi, linaumiza watu wengi zaidi na halihitaji hata kutengeneza kitu. Ni hizi laptopu za mtumba, zile tunaita eks-UK. Nyingi ni nzuri na bei ni ya mtu wa kawaida, lakini vitufe vyake vimechorwa Kiingereza cha Uingereza na aliyeingiza Windows ameiweka ya Marekani. Hizo nchi mbili hazikubaliani alama zikae wapi. Muingereza alibaki na desturi ya mashine za zamani, zile nilisomea, alama za kunukuu ziko juu ya 2. Mmarekani alipoingia kwa mashine za umeme, kama ile Selectric ya IBM ya 1961, akaunganisha alama za kunukuu na ritifaa kwa kitufe kimoja na @ ikaenda juu ya 2. Kwa hivyo kwa eks-UK unaona @ imechorwa karibu na Enta, unabonyeza na Shifti, inatoka alama ya kunukuu. Unatafuta alama ya reli (#) unapata mkwaju uliolalia nyuma (\). Paundi ya Waingereza ukiibonyeza inakuwa reli.

Kuna mzee alikuja kwangu mwaka jana, fundi wa mbao, anataka kuingia kwa akaunti yake ya kuomba cheti fulani, tarehe ya mwisho ni siku hiyo. Paswadi yake ina @ katikati, ameiandika vizuri kwa kijikaratasi ameficha ndani ya kitambulisho. Nikampa laptopu moja nilikuwa nimenunua karibuni, nikaenda kuhudumia fotokopi. Mzee anachapa kidole kimoja kimoja, anatafuta @ na macho, anaiona imechorwa pale, anashika Shifti, anabonyeza. Na kwa vile paswadi inaonyesha vidoti tu hawezi kujua kilichotoka si @. Ikakataa. Akarudia polepole zaidi, herufi kwa herufi, nikimsikia anasoma kwa sauti ya chini. Ikakataa. Mara ya tatu akaunti ikafungwa, na yeye akageuka akaniuliza, "Mama, ni mimi nimesahau ama?" Mzee wa watu alikuwa anatetemeka mikono. Hakuwa amesahau kitu. Alibonyeza kile kitufe kilichoandikwa @, angefanya nini kingine? Ilibidi arudi siku tatu baadaye na faini juu.

Siku hiyo hiyo jioni nilizunguka laptopu zote za eks-UK nikabadilisha mpangilio uwe wa Uingereza, ni dakika mbili kwa kila moja, unaenda kwa upande wa lugha unachagua. Na tangu hapo mteja akiniambia paswadi imekataa, kabla hajajaribu tena namwambia, mzee wangu, ama dada yangu, fungua kwanza Notepad uandike hapo tuone kinachotoka, alafu ufute. Nawaomba wenzangu wa saiba wafanye hivyo, na wale wauzaji wa laptopu kule mjini, tafadhali kabla hujamkabidhi mtu mashine bonyeza 2 na Shifti uone kama kinachotoka kinafanana na kilichochorwa. Hiyo tu.

Simu nazo sitasema mengi, ziko na kosa lao. Kwa simu nyingi ukurasa wa kwanza wa kibodi una mkato na nukta, ritifaa iko ukurasa wa pili ama lazima ubonyeze nukta ukae hapo ukingoje. Kijana anaandika akiwa kwa matatu amesimama, mkono mmoja umeshika chuma, atafungua ukurasa wa pili kwa ajili ya ng'ombe? Anaandika ngombe anaendelea. Watu wazima wanawagombeza vijana ati wanaharibu Kiswahili, mimi sikubali hiyo, wamenyimwa kifaa. Nyota na reli si zilipewa vitufe vyao kwa simu tangu 1968 huko Marekani, kila simu ya vitufe ikawa nazo hapo chini kushoto na kulia kwa sifuri, na leo hata nyanya yangu asiyejua kusoma anabonyeza *144# kuangalia salio bila kuuliza mtu. Alama ikiwekwa mahali mkono unafika, watu wataitumia.

Na ikikosa mahali watu wanaokota chochote kinachofanana nayo. Nilikuwa na muswada wa kurasa zaidi ya mia mbili, mwandishi aliuandika nusu kwa simu na nusu kwa kompyuta mbili tofauti, ndani yake kulikuwa na ritifaa iliyonyooka, na iliyopinda, na ile alama nyingine ya kona ya juu kushoto ya kibodi inayoinama, zote zinafanya kazi moja. Kwa macho huoni tofauti sana. Lakini ukiambia kompyuta itafute ng'ambo kwa ritifaa iliyonyooka, zile za kuinama inazipita tu kama haizijui. Nilitafuta kila neno mara tatu, na bado mwandishi alikuja akanionyesha mbili nimeziacha.

Alafu kuna fomu za intaneti zinazokataa ritifaa kabisa. Mtu jina lake kwa kitambulisho ni Ng'ang'a, fomu inamwandikia kwa rangi nyekundu ati jina lake lina herufi zisizokubalika. Anaitoa, anakuwa Nganga, alafu ofisi ya pili inamwambia majina hayafanani aende kwa wakili aape. Mpwa wangu alinieleza chanzo, kwa lugha ya hifadhidata, yaani lile ghala la taarifa ndani ya kompyuta, ritifaa ndio inaonyesha maandishi yameishia wapi, na mtu mbaya anaweza kuitumia kuingiza amri zake, kwa hivyo mtengenezaji mvivu anaona njia rahisi ni kuipiga marufuku. Anasema dawa inajulikana na ni ya zamani, unatenganisha amri na maandishi ya mtu, ritifaa inapita bila kudhuru. Kama dawa iko basi kumlazimisha mtu abadilishe jina la babake ni makosa na siwezi kusema kwa upole zaidi ya hapo.

Najua wanaoandika Gĩkũyũ na Kĩkamba wana mzigo mzito kuliko wetu na zile ĩ na ũ zao, wengi wananiletea kazi imeandikwa na i na u tupu, wananiambia weka kofia wewe mwenyewe. Kwa Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta badala ya Windows, tayari kuna mpangilio wa Gĩkũyũ na wa Kiswahili cha Kenya, nimeuona kwa mashine ya mpwa wangu, kumaanisha kuna watu walikaa wakaifanya kazi hiyo. Lakini nani huku mtaani anatumia Linux, na nani aliambiwa?

Ninachoomba ni hiki. Shirika la viwango la nchi yetu, KEBS, likae na walimu wa Kiswahili na wachapaji, si wahandisi peke yao, waandike mpangilio mmoja wa kibodi ya Kiswahili, ritifaa ikae kando ya L, upelekwe kwa hao wa Windows na wa simu wauweke kwa orodha yao ndio mtu achague bila kumtafuta mpwa. Na watoto wanaofundishwa kompyuta shuleni siku hizi, zoezi lao la kwanza lisiwe asdf na nuktamkato kama letu, wapewe maneno yao, waanze na ng'ombe na ng'ara na kung'uta, vidole vizoee mapema.

Mimi kile kitufe changu nimekitia tone la rangi ya kucha nyekundu ndio nikiwa nimechoka usiku nisikose. Msomaji yeyote wa upande huu wa Umoja mwenye laptopu ya Windows akija nayo nitamwekea huo mpangilio, nikiwa na nafasi ni dakika tano, na sitaitisha pesa. Ya eks-UK pia nitamwangalizia hiyo @ kabla hajaondoka.

Mchapaji wa saiba,
Umoja, Nairobi.